Bomba la mvua la milimita 68, na panya wanaoacha kufukua

Kwa miaka sita niliyofanya kazi ya kutunza wanyama wa maabara huku kusini mwa Uingereza, nimeshika vifaa vingi vya gharama kubwa. Kilichonifundisha zaidi kuhusu ubongo ni kipande cha bomba la PVC, lile la kuteremshia maji ya mvua kutoka kwenye paa. Urefu sentimita 20, upana milimita 68. Nilikikata mwenyewe kwa msumeno wa mkono.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana tuliletewa mabomba maalumu ya kampuni moja ya vifaa vya maabara, nikayatumia miezi minne, na sikupendezwa nayo hata kidogo. Pia wenzangu wawili niliosoma nao afya ya wanyama SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wameniuliza wanunue yapi kwa ajili ya panya wao pale Morogoro. Nawajibu hapa ili na wengine wasome.

Kazi yetu ni ugonjwa wa prioni. Kila mnyama anayenyonyesha ana protini iitwayo PrP juu ya seli zake za neva. Ikijikunja vibaya, inazishika nyingine zilizo nzima na kuzikunja vilevile, moja baada ya nyingine, mpaka ubongo unatoboka vitundu kama sifongo. Hakuna kirusi wala bakteria humo. Stanley Prusiner ndiye aliyelipa jambo hili jina la prioni mwaka 1982, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kondoo wana wa kwao uitwao skrepi. Ng'ombe wa Uingereza walitambuliwa kuwa na ugonjwa wa kichaa mwaka 1986, na aina iliyotoka kwao kwenda kwa binadamu imeua watu 178 katika nchi hii. Msione kama ni habari ya Wazungu na ng'ombe wao: mwaka 2018 iliripotiwa prioni katika ngamia wa Algeria, na wafugaji wa ngamia wako wangapi kutoka huko hadi Marsabit na Garissa?

Panya waliingia mwaka 1961, pale Richard Chandler alipofanikiwa kuhamishia skrepi ya kondoo kwa panya wadogo. Tunaotumia sisi ni weusi, wa ukoo wa C57BL/6, kila mmoja gramu ishirini na kitu, na prioni wanayochomwa kwa sindano inaitwa ME7, nayo asili yake ni kondoo. Wenzao wa kulinganisha nao huchomwa ubongo wa panya mzima uliosagwa, usio na prioni. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wanakula, wanakimbia, wanapanda wavu. Mwili wa mgonjwa hauonyeshi wazi mpaka karibu wiki ya 18 tangu sindano, mgongo unapoanza kupinda na miguu kukosa nguvu, na huwa hawavuki sana wiki ya 24. Bomba langu linaona karibu wiki ya 12.

Linavyofanya kazi ni hivi. Saa kumi jioni, saa tatu kabla ya taa za chumba kuzimwa, namtoa panya kwa wenzake na kumweka peke yake katika kizimba chenye maranda na bomba moja. Bomba limejazwa gramu 200 za tembe za chakula chake cha kila siku. Upande mmoja umezibwa. Upande wenye mdomo umeinuliwa sentimita 3 kwa bolti mbili ili tembe zisimwagike zenyewe. Baada ya saa mbili napima kilichobaki ndani, narudisha bomba, na asubuhi napima tena. Gramu zilizotoka ndiyo alama yake.

Panya mzima haliachi bomba lililojaa. Anaingia kichwa kwanza, anakusanya tembe kwa mikono, anazirusha nyuma kwa miguu, anatoka, anarudi. Usikae ukidhani ni njaa. Hazili, anazitoa tu, na hata ukijaza kokoto atazitoa. Kufukua kumo ndani yake kama kulivyo kwa panya shamba wa kwetu. Bibi yangu kule Mgeta hakuhitaji mizani kulijua hili. Alikuwa akipita shambani asubuhi anatazama midomo ya mashimo na kusema, "Udongo mbichi mdomoni, mwenyewe yumo." Shimo lenye utando wa buibui alilipita. Mimi leo nafanya kazi ileile, ila udongo wangu ni tembe na nauandika kwa gramu.

Waliolileta jaribio hili katika ugonjwa wa prioni ni Robert Deacon na wenzake wa Oxford, pamoja na Hugh Perry aliyekuwa Southampton. Walichapisha mwaka 2001, na vipimo ninavyotumia ni vya Deacon mwenyewe. Yeye alitaka kitu ambacho panya anakifanya kwa hiari, bila kufundishwa, bila kushtuliwa kwa umeme, bila kutupwa majini kuogelea. Namshukuru sana kwa hilo, maana mimi ndiye ninayewashika.

Nitawapa mfano wa panya mmoja niliyemwandika kama namba 14. Kabla ya kuchomwa chochote alikuwa akitoa zaidi ya gramu 180 usiku mmoja, mara nyingine nakuta bomba limebaki na vumbi tu. Wiki ya 8, vilevile. Wiki ya 10, vilevile. Wiki ya 12 akatoa 70. Nikadhani nimekosea kupima, nikapima mara ya pili. Wiki ya 13 akatoa 22, na wiki iliyofuata tembe nne. Siku hiyohiyo nilimgeuza juu chini kwenye wavu, akashika dakika nzima bila kuanguka. Uzito wake haukupungua. Alitembea kizimbani kuliko kawaida yake, akizunguka ukuta kwa ukuta usiku kucha. Nguvu alikuwa nazo. Alilipita bomba kama Bibi alivyolipita shimo lenye utando.

Hapo ndipo bomba la mvua linapozidi mashine. Watu wengi hudhani ubongo wa mgonjwa wa prioni umeharibika kwa sababu seli zimekufa. Mwaka 2003 Colm Cunningham na wenzake walionyesha kwamba tabia ya panya wa ME7 inapoanza kubadilika, seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, bado zipo. Kinachopotea kwanza ni sinapsi, yaani sehemu seli moja inapoipokeza nyingine ujumbe. Nyumba zimesimama, simu zimekatika. Na hipokampasi ikiharibiwa, hata kwa njia nyingine kabisa, panya huacha kufukua, kwa hiyo inaingia akilini kwamba bomba linalia mapema namna hii. Hata maji ya glukosi, ambayo panya huyapenda, mgonjwa huyanywa kidogo kipindi hichohicho. Kwangu hilo ndilo linaloumiza zaidi kulitazama. Raha inamtoka kabla ya nguvu.

Kwa nini sinapsi zinapotea? Giovanna Mallucci na timu yake, kwanza London kisha Leicester, walifuatilia hili kwa miaka, na sehemu kubwa ya walichokipata inaonekana kwenye bomba. Mwaka 2007 walitumia panya waliotengenezwa kijeni ili PrP ya kawaida iondolewe kwenye neva zao katikati ya ugonjwa. Panya hao walikuwa wameshaacha kufukua. Protini ilipoondolewa, wakarudi kufukua. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Prioni ilikuwa imeshakaa kichwani mwao, na bado tabia ilirudi.

Kisha mwaka 2012 wakaonyesha kinachofanyika ndani ya seli. Protini zilizojikunja vibaya zikirundikana, seli hupata hofu na kufunga kiwanda chake chote cha kutengeneza protini. Ni kama mwenye duka anayefunga kwa kuogopa vurugu. Siku moja si neno. Akifunga mwezi mzima, mtaa unakosa unga. Sinapsi zinahitaji protini mpya kila siku, na zisipoletewa zinakufa njaa. Mwaka 2013 waliwapa panya dawa ya kumeza inayozuia kimeng'enya kiitwacho PERK, ambacho ndicho kinachoamrisha ule ufungaji, na ubongo wao ukahifadhika. Lakini kongosho liliumia; walipungua uzito na sukari ya damu ikapanda. Dawa ile haikufaa kwa mtu. Mwaka 2017 timu hiyohiyo ikarudi na trazodoni, dawa ya siku nyingi ya sonona, inayogusa njia ileile kwa upole zaidi, nayo ikawarudishia panya wa prioni kumbukumbu na kuwaongezea siku. Mwaka huohuo kundi jingine lilikwenda kwa asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia sana katika kujifunza. Wakaamsha kipokezi chake kiitwacho M1, panya waliosahau wakakumbuka tena, na ugonjwa ukaenda polepole.

Sasa rudini kwenye bidhaa. Haya yote yanategemea mtu kujua ni wiki gani hasa tabia imeanza kuyumba, kwa sababu dawa ikichelewa na seli zikishakufa hakuna cha kurudisha. Kifaa kinachotoa jibu hilo lazima kiwe kilekile wiki hadi wiki, kisafishike, na kisimbughudhi mnyama. Kwa vigezo hivyo vitatu bomba la mvua limelishinda lile bomba maalumu la dukani.

Lile la dukani lilikuwa zuri kutazama, sikatai. Polikaboneti angavu, yaani plastiki ngumu kama kioo, kingo laini, kifuniko cha kubana, bolti za chuma kisichoshika kutu. Sanduku la manne liligharimu kuliko mabomba ya mvua ya mwaka mzima. Lakini uangavu wake ndio kasoro ya kwanza. Panya anapenda giza shimoni, na hawa walikuwa wakifika mdomoni, wakinusa, wakirudi nyuma. Wazima wangu, wale wasio na prioni kabisa, walianza kutoa gramu 90 au 110 badala ya 180. Ukishushiwa alama ya wazima namna hiyo, mgonjwa wa wiki ya 12 atajificha katikati yao.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonikera. Prioni haifi kirahisi. Ukiichemsha inabaki, na fomalini haifanyi chochote ila kuihifadhi. Njia zinazotambuliwa ni kostiki soda ya molari 1, yaani gramu 40 kwa lita moja ya maji, kwa saa nzima. Au jiki yenye klorini sehemu 20,000 katika milioni, saa nzima pia. Au otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, ya nyuzi 134 kwa dakika 18. Maelezo ya bidhaa yalidai bomba linastahimili dawa zote za kusafishia. Polikaboneti na kostiki soda haviivani. Baada ya kuosha mara ya tatu yalikuwa na ukungu, ya tano yakapasuka nyufa ndogo kuzunguka matundu ya bolti. Ufa ni maficho. Niliwaandikia kampuni nikiambatanisha picha. Jibu likaja baada ya siku kumi na moja: tuyafute kwa spiriti. Nilikasirika sana. Spiriti haiui prioni, na mtu mwingine mahali pengine angelifuata jibu lile akijua amesafisha.

Bomba la mvua la PVC linakaa ndani ya kostiki soda na ndani ya jiki bila shida. Haliwezi otoklevu, mwaka wangu wa kwanza niliingiza manane na yalitoka yamelala kwa sababu PVC hulainika mapema mno. Tangu hapo naenda kwa njia rahisi zaidi. Kila panya ana bomba lake lenye namba yake, halichanganywi na la mwingine, na jaribio likiisha linakwenda kwenye tanuri pamoja na maranda. Bei inaruhusu. Bomba la mita 2.5 nilinunua kwa pauni 11 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na linatoa vipande 12. Nawaomba sana wenzangu wa nyumbani: tanuri liwe la joto kali lenye kibali. Msichome PVC kwenye shimo nyuma ya maabara, moshi wake ni sumu kwa majirani.

Yapo mabaya yake. Kingo za msumeno ni kali, lazima zipigwe msasa kwa uangalifu, ndani na nje, la sivyo panya anajikata kidole na hatafukua tena wiki hiyo. Bolti za kawaida zinaliwa na jiki. Vizibo vya nyuma vinauzwa mbalimbali na vimekuwa ghali kuliko bomba lenyewe. Siku hizi nakata duara la plastiki ngumu na kulibana kwa skrubu. Rangi nayo ichagueni. Nyeupe hupitisha mwanga kidogo, nyeusi na kahawia ni bora.

Na kuna jambo ambalo bomba haliwezi kufanya, hata ulinunue kwa dhahabu. Halisemi kwa nini mnyama ameacha. Panya mwenye maumivu baada ya upasuaji huacha kufukua. Mwenye jino lililokua vibaya, vilevile. Panya wa prioni akipata hata uchochezi mdogo mwilini, ubongo wake huupokea vibaya kuliko wa mzima, kwa sababu seli za ulinzi za ubongo zimeshakaa tayari kwa ugomvi, na anaweza kushuka gramu mia kwa usiku mmoja kisha akapanda tena. Kwa hiyo kila alama inayoanguka ghafla naifuata na uchunguzi wa meno, kinyesi na uzito kabla sijaandika kwamba ni prioni. Koo nazo hazifanani: panya wa ukoo uitwao 129 hufukua kidogo hata wakiwa wazima. Wafanyieni mazoezi kwanza wakiwa kundi, usiku mmoja na bomba kizimbani, kwa sababu mmoja akianza wengine hujifunza kwake. Asiyefukua kabisa mwanzoni, muacheni nje ya jaribio.

Nasisitiza usahihi huu kwa sababu gramu zile ndizo zinazoamua muda wa mnyama. Katika majaribio yetu ya dawa, ikiwa jibu limeonekana wiki ya 12 au 13, hatuna haja ya kusubiri wiki ya 20 tumuone akiburuta miguu. Sheria ya hapa ya mwaka 1986 inatutaka tupunguze mateso, lakini sheria haishiki mizani. Namba 14 alilazwa usingizi wiki ya 14, ana manyoya mang'avu na tumbo limejaa. Ningependa wote waondoke hivyo.

Sasa kwa Morogoro. Bomba la 68 hamtalipata kirahisi. Madukani kwetu utapewa la 63 au la 75. Chukueni la 75, jazeni mpaka usawa mmoja kila siku na mpime uzito wenu wenyewe badala ya kung'ang'ania gramu 200. La 63 ni jembamba kidogo kwa panya mnene kugeuka. Msichanganye saizi mbili ndani ya jaribio moja hata kama fundi amewapa punguzo. Kwa panya shamba sina uhakika kama upana huo unawatosha wakubwa wao, kwa hiyo mjaribu vipande viwili kwanza kabla ya kukata bomba zima. Na kama mnaweza, mwambieni muuzaji awakatie kwa mashine ya duara, ncha zinatoka nyoofu na kazi ya msasa inapungua nusu.

Bomba la mvua: nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeipunguza kwa ajili ya vizibo. La dukani: nyota moja, na hiyo nimeipa bolti zake, ambazo nilizifungua zikiwa mpya na sasa ziko kwenye mabomba yangu ya panya wa kulinganisha.